Utitiri wa Chemchemi

Jumatatu, 3 Machi

Sampuli nyingi leo. Kibano, kisahani, hadubini, chupa. Kibano, kisahani, hadubini, chupa. Kufikia saa sita shingo imekufa ganzi.

Nauchukia utitiri wa majini. Niandike tu, hapa hakuna wa kunisikia. Mwaka wa sita huu nalipwa kuutenganisha na matope, na bado mwili hunisisimka kila asubuhi. Mwekundu kama damu mbichi, mdogo kuliko punje ya wimbi. Hauna kichwa cha kusema hiki hapa kichwa. Ni tumbo lililoota miguu, basi. Unadunga yai la mbu, unaliyeyusha kwa mate yako, unanyonya. Watoto wake hujibandika kwenye mbawa za kereng'ende wakining'inia kama shanga zilizooza.

Daktari Oduor, mkubwa wangu, anaupenda. Maisha yake yote hakupenda kitu kingine hivi. Nikisema "wadudu" ananirekebisha. "Mdudu ana miguu sita, Nafula. Hawa wana minane. Ni ndugu wa buibui na kupe." Kana kwamba hilo litanifariji. Anastaafu mwezi ujao na anataka kwanza amalize kitabu chake cha kuutambua utitiri wa maji ya Nairobi. Kwenye meza amepanga makundi. Wa madimbwi, wenye nywele ndefu miguuni za kuogelea. Wa mito yenye kasi, bapa, ngozi ngumu, makucha ya kushikilia mawe. Wa chemchemi, ambao hawajui kuogelea, hutambaa tu. Na wale wa chini ya changarawe: weupe, warefu, vipofu. Hao siwezi kuwatazama kabla ya kula.

Na ili ujue hasa huyu ni wa jamii gani, lazima umpindue chali uhesabu vikombe vidogo kwenye sehemu zake za siri. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mama huwaambia majirani natengeneza dawa.

Tunauhifadhi kwa siki kali na glisarini. Chai yangu ina ladha ya siki. Mikono yangu pia.

Jumatano, 5 Machi

Mtoni, chini ya machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko. Sitaandika mengi. Damu ya mbuzi, samadi ya matumboni, mifuko ya plastiki iliyofungwa na sitaki kujua imefungwa nini. Nilizamisha wavu, ukatoka na kitu kama kamasi. Minyoo myekundu. Funza wenye mikia mirefu. Utitiri hakuna hata mmoja.

Daktari aliandika "hakuna" kwenye daftari kwa masikitiko ya mtu aliyefiwa. Anasema utitiri ni wa kwanza kuondoka maji yakiharibika. Mimi ningeondoka pia.

Nimetupa glavu. Nimeoga mara mbili kwa ndoo moja.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya tano mabomba ya mtaa wetu, Shauri Moyo, ni makavu. Nimeenda na Mama chemchemini, kule chini ya mwinuko nyuma ya nyumba za baraza. Maji yanachuruzika kutoka kwenye mawe, yanaingia katika karo ndogo iliyojengwa zamani sana, watu wanachota. Foleni ya mitungi mpaka barabarani. Mama anahitaji mitungi mitatu kila siku kwa chai na mandazi anayowauzia maseremala.

Mbele yetu Mama Shiko, jirani wa mlango wa tatu. Alichota kwa kikombe cheupe, akakiinua mdomoni. Nikaona. Nukta nyekundu, ikitambaa ndani ya kikombe. Nyingine. Mguu mmoja ulikuwa ukitafuta mahali pa kushika.

Sikufikiri. Nilipiga kelele. "Mama Shiko, usinywe! Hiyo iko na utitiri!"

Akamwaga. Akatema mate mara tatu ingawa hakuwa amenywa. "Mimi siezi ingiza kwa mdomo kitu iko na miguu!" Foleni nzima ikaja kuchungulia karo. Mtu akauliza kama ni kama ile ya kuku. Nikasema ni ndugu ya kupe. Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ya kinyaa.

Mama aliangalia mitungi yake mitupu, akaniangalia mimi. 

Jumapili, 9 Machi

Kanisani, mahubiri hayajaisha, hadithi imeshaota mabawa. Kupe wa maji. Wanaingia masikioni mwa watoto wachanga. Wanataga kwenye figo. Eti mtu wa maabara amethibitisha. Mtu wa maabara alikuwa amekaa safu ya nne, akitazama viatu vyake.

Baada ya ibada Mwenyekiti wa mtaa akasimama. Akasema kwa ajili ya afya yetu chemchemi itafungwa kwa simiti. Mpaka mabomba yarudi, watu wateke maji kwenye kisima chake cha boho, kule kwenye ua wake upande wa Industrial Area. Maji ya kuchimbwa, kutoka chini sana, safi, hayana mdudu hata mmoja. Watu wakapiga makofi.

Si mtu mbaya. Ni yeye aliyembeba Baba kwa pikapu yake hadi hospitalini, wiki ile ya mwisho, akakaa naye benchini hadi alipopata kitanda. Mke wake, Mama Dorcas, alikuwa kando yake amevaa glavu nyeupe kama bibi harusi. Nikadhani ni madaha.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimepita chemchemini nikajaza chupa moja. Hakukuwa na foleni. Nilitaka kuhakikisha, au nilitaka Daktari aniambie nilifanya vyema.

Hakuniambia hivyo. Aliweka jicho kwenye hadubini, akakizungusha kisahani, akakizungusha tena. Kisha akaanza kucheka peke yake. Aina nne. Tatu anazijua, zote za chemchemi, zile zisizojua kuogelea. Ya nne haijui. Ngozi yake ina vibamba vidogo vidogo kama paa la mabati, na vikombe vyake vimepangwa vinginevyo. Aliniita nitazame. Nikatazama. Ulikuwa ukipapasa ukuta wa kisahani kama kidole cha mgonjwa. Ninawashwa mpaka sasa.

"Unajua maana yake?" akaniuliza. "Katikati ya mji huu wote, hapo mahali pamoja maji bado yana uhai. Hii haina maana unywe bila kuchemsha, vijidudu vya tumbo haviulizi ruhusa ya utitiri. Lakini sumu hamna. Kungekuwa na sumu, hawa wangekuwa wa kwanza kufa."

Nikamwambia inafungwa. Ya kwamba watu waliona utitiri wakaogopa.

"Nani mjinga aliyewatisha?"

Nikasema sijui.

Nimekinai leo, lakini si kwa sababu ya utitiri.

Ijumaa, 14 Machi

Maji ya boho yanang'aa kama kioo. Kwenye kitako cha beseni jeupe tu ndipo unaona kaunjano kidogo. Mdomoni yanaacha ladha ya msumari. Mama anakandia unga kwa maji hayo tangu Jumatatu.

Mikono yake imeanza kupasuka. Kati ya vidole kuna malengelenge, mengine yamefunguka, yanatoa maji. Anasema ni sabuni. Ametumia sabuni ile ile miaka yote.

Sijaweza kula mandazi yake. Nilijifanya nina haraka.

Jumanne, 18 Machi

Jana nilibeba mitungi miwili ya maji ya boho hadi kazini. Nikapitisha yote kwenye chujio la kitambaa laini. Kisha hadubini. Hakuna utitiri, sawa, maji ya ndani sana huwa hivyo mara nyingi. Daktari akasema basi tujaribu. Tukaweka utitiri ishirini kutoka chemchemini kwenye kisahani cha maji ya boho, na ishirini kwenye maji yao wenyewe.

Asubuhi hii wa chemchemini wanatambaa. Wa boho wote wamekufa. Miguu imekunjwa juu ya tumbo, rangi imewatoka, wamekuwa kama makapi ya nyanya. Sikuwahi kufikiri naweza kuwaonea huruma. Sikuwaonea. Ila nilifikiria mikono ya Mama ndani ya unga, nikajaza chupa ya kupelekwa kupimwa.

Ua wa Mwenyekiti na kiwanda cha kupaka vyuma kromu vinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Ukuta wa juu. Chini ya ardhi hakuna ukuta. Daktari amepeleka chupa kwa mwanafunzi wake wa zamani mwenye mashine ya kupima madini.

Nimemwambia Daktari mjinga ni mimi. Alivua miwani akaifuta. "Nilishajua," akasema. "Nani mwingine huko kwenu anajua neno utitiri wa maji?"

Alhamisi, 20 Machi

Majibu yamekuja. Kromu, nyingi, ile ya sumu. Mwanafunzi aliandika kwa kalamu nyekundu: yasiguswe.

Nikapeleka karatasi ofisi inayohusika na maji. Wakasema wiki ijayo watatuma mtu. Nikampelekea Mwenyekiti mwenyewe, jioni, sebuleni kwake. Alinikaribisha vizuri, akanikalisha alipokaa Baba zamani. Akaisoma karatasi akiishikilia mbali na macho. Akaisoma tena.

"Binti yangu," akasema, "Jumamosi ya juzi ulisema maji ya chini yana kupe. Leo unasema ya kwangu yana sumu. Kesho utasema nini? Mvua ina nyoka?"

"Nilikosea, Mzee. Utitiri hauumi mtu. Nilisema kwa kinyaa tu."

"Kinyaa." Akalirudia neno kama analionja. "Mimi nimeona ile kitu kwa macho yangu. Ina miguu. Hii sumu yako nimeiona wapi?"

 Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kilicho hai kinachukiza. Kinachoua ni kisafi na kinang'aa.

Fundi anaanza kazi keshokutwa. Mama Dorcas hakutoka jikoni kunisalimia. Nilisikia tu akikohoa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimezunguka mlango kwa mlango na karatasi yangu. Milango kumi na moja. Mama Shiko akanifungulia nusu. "Nafula, wewe ndio ulitwambia. Sasa tushike gani tuache gani?"

Mama amelala mchana, kitu asichofanya kamwe. Amefunga mikono kwa vitambaa. Nimemkataza kuchota boho, akasema atawapa nini watu asubuhi, mate?

Najichukia. Sina neno lingine.

Jumamosi, 22 Machi

 Niandike yote kabla sijaanza kujidanganya.

Nilifika chemchemini saa mbili asubuhi. Mchanga umemwagwa, mifuko minne ya simiti, fundi anakoroga. Mwenyekiti amesimama na fimbo yake. Watu kama hamsini, wengi wanawake, wamekuja kutazama jinsi kupe wanavyozikwa. Na Mama, na vitambaa vyake. Sikumwambia aje.

Nikasema ninachojua. Nikasema utitiri huu ni wa chemchemi, haujui hata kuogelea, hauingii sikioni wala kwenye figo, hunyonya mayai ya wadudu wenzake. Nikasema nilipiga kelele kwa sababu unanitia kichefuchefu, si kwa sababu una madhara. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mtu akapaaza sauti nyuma, "Si ulisema ni kupe wewe!" Watu wakacheka. Fundi akachota mwiko wa kwanza.

Nikachukua karai jeupe la mtu. Nikainama karoni, nikakwangua chini ya mawe pale wanapojificha, nikajaza. Nikaliweka chini mbele yao. Wote waliwaona. Kumi, labda kumi na tano, wekundu na wa rangi ya kahawia, wakitambaa huku na huku. Mama Shiko akarudi nyuma hatua mbili.

Nikakunja mkono wa blauzi nikaingiza mkono. Hadi kwenye kiwiko.

Miaka sita sijawahi kuwagusa bila glavu. Mwanzoni hakuna kitu, maji baridi tu. Kisha mmoja akapanda kwenye kifundo cha mkono. Hausikii uzito. Unasikia kama unywele unaotembea. Mwingine kati ya vidole. Meno yalikuwa yanagongana, machozi yananitoka, na watu wote wanaona. Nikasema, "Hesabuni mnavyotaka. Sitoi."  Fundi akaweka mwiko chini. Nilimeza matapishi mara mbili, na hilo pia walilisikia.

Nilikaa hivyo hadi nikaacha kusikia vidole. Nikautoa mkono nikauonyesha. Mzima. Umejaa vipele, lakini vya baridi na woga.

Ndipo Mama akaja karibu.  Alifungua vitambaa, kimoja, cha pili, akaiweka mikono yake kando ya wangu. Watu wakavuta pumzi. Ngozi ilikuwa imefunguka hadi nyama, na kwenye mafundo ya vidole kulikuwa na vidonda viwili kama vilivyotobolewa kwa msumari wa moto. Harufu yake naijua, tumelala chumba kimoja wiki nzima.

"Hii ni boho," akasema. "Wapi ya kupe?"

Mwenyekiti akasema kila mtu ana ugonjwa wake wa ngozi. Akasema mwenyewe anatumia maji hayo na familia yake nzima, na hamna aliyelalamika.

"Baba Dorcas."

Ilikuwa sauti ya mke wake. Sikuwa nimemwona, alikuwa nyuma ya lundo la mchanga. Alikuwa anavua glavu zake nyeupe, kidole kimoja kimoja, kwa sababu zilikuwa zimeganda. Ya kushoto ilitoka na kitu. Sitaandika nini.

"Nimekuwa nikilalamika," akasema. "Kila siku. Wewe unasema ni mzio."

Mzee yule aliangalia mikono ya mke wake kwa muda mrefu. Nilingoja ubishi. Hakubisha. Alivua koti lake akamfunika nalo mikono, polepole, kama unavyofunika kitu kilichovunjika. Kisha akamwambia fundi, bila kugeuka, "Wachana nayo."

Wakaondoka wawili, wakipanda mwinuko. Mzee ndiye aliyekuwa anamshikilia mkewe.

Mimi niliwahi nyuma ya ukuta nikatapika kila kitu.

Jumatatu, 24 Machi

Mwenyekiti ameifunga boho kwa mnyororo yeye mwenyewe. Ameenda ile ofisi na karatasi yangu mkononi, na yeye hawakumwambia wiki ijayo. Jioni maafisa wawili walionekana kwenye lango la kile kiwanda. Itafika wapi sijui. Sina imani sana.

Mama na Mama Dorcas wamepelekwa kliniki kwa pikapu moja. Wamepewa dawa ya kupaka na kuambiwa wasiguse maji kwa siku kumi na nne. Kwa hivyo mandazi nakanda mimi, kabla ya kazi. Ni mabaya. Maseremala wanakula kwa adabu.

Alhamisi, 27 Machi

Simiti haikurudi dukani. Fundi amejenga kuta fupi na kifuniko juu ya karo, na bomba la kutokea, mtu asitumbukize ndoo chafu. Tumekubaliana kila mtu achemshe. Foleni imerudi, ingawa si yote. Mama Shiko anachuja kwa leso iliyokunjwa mara nne, anachemsha, anachuja tena, kisha anafumba macho anapokunywa. "Si hasira," akaniambia. "Ni ile miguu tu." Namwelewa kuliko anavyodhani.

Jumanne, 8 Aprili

Daktari amemaliza kitabu. Ile aina ya nne si ya kitabu chochote alichonacho. Amewaandikia wenzake wa mbali, nao hawaijui. Lazima ipewe jina. Akanitazama kwa uso wa mtu anayetoa zawadi, akasema anafikiria jina langu.

Nikamwambia hapana. Kitu cha kutambuliwa kwa kupinduliwa chali na kuhesabiwa sehemu za siri, kiitwe Nafula? Milele? Alicheka hadi akashika meza. Akasema basi ataupa jina la mahali. Nikasema hiyo ni haki. Hapo ndipo unapoishi.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mabomba yamerudi, yanakohoa hewa na kutu.

Nilikuja maabara ingawa ni sikukuu ya Ijumaa Kuu. Hakuna mtu. Meza ya Daktari imeondolewa vitu, imebaki alama ya duara alipokuwa akiweka kikombe. Ameniachia sampuli za chini ya changarawe, wale weupe vipofu, na ujumbe mfupi kwamba michoro ya kitabu imebaki kwangu.

Nimewasha taa ya hadubini. Nimeweka mmoja. Mrefu, hauna macho, unaona hadi ndani ya tumbo lake. Kinyaa kile kile, hakikupungua hata kidogo.

Nimenoa penseli. Nimechora mguu wa kwanza, kisha wa pili. Huko nje maji yanapita kwenye mfereji.